Umepunjwa au umeuziwa kibovu: uende kaunti, KEBS, CAK au Mahakama ya Madai Madogo?

Mnunuzi wa Kenya hana uhaba wa sheria. Ibara ya 46 ya Katiba ya 2010 inampa haki ya kupata bidhaa na huduma zenye ubora unaofaa, haki ya kuelezwa anachohitaji kujua ili afaidi alichonunua, haki ya kulindwa afya yake, usalama wake na mfuko wake, na haki ya kulipwa fidia akipata hasara au madhara kwa sababu ya kasoro. Miaka miwili baadaye ikaja Sheria ya Kulinda Watumiaji, Namba 46 ya 2012. Kando ya hizo kuna Sheria ya Mizani na Vipimo (Sura 513), ya Maelezo ya Bidhaa (Sura 505), ya Viwango (Sura 496), ya Uuzaji wa Bidhaa (Sura 31) na ya Ushindani ya mwaka 2010.

Kinachomsumbua ni kujua aende wapi. Aliyepunjwa robo kilo ya nyama analalamika kwenye kikundi cha WhatsApp cha mtaa. Aliyeuziwa friji mbovu anakwenda kituo cha polisi, anaambiwa hayo ni madai, si jinai. Aliyekuta unga una uvundo anampigia simu diwani. Wote wana haki, ila hakuna hata mmoja aliyefika kwa mwenye mamlaka ya kumsaidia, na wengi huishia kukata tamaa. Nimeandika ulinganisho huu kwa ajili yao, na nitasema waziwazi ni wapi ningeanzia mimi.

Unataka pesa zako, au unataka muuzaji azuiwe?

Vyombo hivi havifanyi kazi moja. Maafisa wa kaunti na KEBS, shirika la kitaifa la ubora wa bidhaa, wanalinda soko: wanakagua, wanakamata, wanashtaki, wanaondoa bidhaa. Faini ikitozwa inaingia serikalini, haiji mfukoni mwako. Mahakama ya Madai Madogo inashughulikia pesa zako wewe uliyefungua kesi. Haitamfungia mtu duka, wala haitamzuia kumuuzia jirani yako friji ya aina ile ile wiki ijayo. CAK, yaani Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, inatazama mwenendo wa kampuni dhidi ya wateja wengi.

Watu wengi huvunjika moyo papa hapa. Mtu anamwita afisa wa vipimo, afisa anakuja, mizani inachukuliwa, mwenye duka anafikishwa kortini, na mlalamishi anabaki akinung'unika kwamba hajarudishiwa mia tatu yake. Afisa alifanya kazi yake barabara. Mlalamishi alikuwa anamwomba kitu ambacho si cha ofisi ile. Na upande wa pili yuko anayekwenda mahakamani akitaka muuzaji afundishwe adabu, halafu anashangaa kuona mwamuzi anauliza tu risiti iko wapi na anadai shilingi ngapi.

Ukishajua unachokitaka kati ya hayo mawili, nusu ya uamuzi umekwisha. Na kama unavitaka vyote viwili, hakuna sheria inayokukataza kubisha milango miwili kwa wakati mmoja.

Kaunti na KEBS: kosa limetokea dukani au kiwandani?

Jedwali la Nne la Katiba limegawa kazi. Ulinzi wa mtumiaji kwa jumla umewekwa kwa Serikali ya Kitaifa. Biashara ya mashinani, yaani masoko, leseni na haki katika uuzaji, ni ya kaunti, pamoja na kutoa leseni kwa wanaouzia umma chakula na kuwadhibiti. Kwa hiyo katika kila moja ya kaunti 47 kuna watu wawili unaopaswa kuwajua: afisa wa vipimo, ambaye kwa kawaida yuko chini ya idara ya biashara, na afisa wa afya ya umma, aliye chini ya idara ya afya.

Afisa wa vipimo ndiye ninayemtetea zaidi katika makala haya, kwa sababu yuko karibu na bado hajulikani. Wengi wakisikia kaunti wanafikiria kanjo wanaofukuza wachuuzi. Afisa wa vipimo ni mtu mwingine kabisa. Ana mawe yake ya kupimia yaliyohakikiwa, anaruhusiwa na sheria kuingia mahali pa biashara, kujaribu mizani, kuichukua ikiwa ya udanganyifu na kumshtaki mwenyewe. Mizani yote inayotumiwa kwa biashara inatakiwa kuhakikiwa na kupigwa muhuri kila mwaka, iwe ni ya buchari, ya kununulia majani chai, au pampu ya kituo cha petroli.

Mengi unaweza kuyaona kwa macho kabla hata ya kumwita. Ukisimama mbele ya buchari, tazama mizani kabla nyama haijawekwa: je, iko kwenye sifuri sahani ikiwa tupu? Je, uso wa namba umeelekezwa kwako au umegeuzwa ukutani? Muhuri wa mwaka huu uko wapi? Sokoni kwenye nafaka, angalia gorogoro. Ni mkebe unaohesabiwa kuwa wa kilo mbili, lakini mara nyingine kitako chake kimegongwa kwa nyundo kikaingia ndani. Ukijazwa mahindi unaonekana umefurika hadi yanamwagika, na kilichopungua kiko chini usikokuona. Uombe mkebe mtupu, ugeuze, pitisha kiganja kwenye kitako. Kama una bonde, mwambie muuzaji akupimie kwa mizani. Mkebe ule si kipimo kilichohakikiwa na mtu yeyote.

Gesi ya kupikia nayo inafaa kuangaliwa kwa makini, kwa kuwa hapo pesa nyingi hupotea. Kila mtungi una uzito wake mtupu, umeandikwa kwenye chuma karibu na mshikio. Tuseme mtungi wako wa kilo 6 umeandikwa 7.4. Ukiwa umejaa unatakiwa kusoma kilo 13.4. Mwombe muuzaji aupime mbele yako kabla hujalipa. Ukisoma 12.6, umepunjwa gramu 800, na hilo ni la afisa wa vipimo. Lakini ukikuta lakiri ya valvu imechezewa, au unashuku kwamba mtungi umejazwa uchochoroni, hapo mlango ni EPRA, Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli. Ujazaji wa kiholela unaua. Kituo kilicholipuka Embakasi usiku wa 1 Februari 2024 kilikuwa cha kujaza gesi, na EPRA ilisema ilikuwa imekataa maombi yake ya kibali. Kesi ya upungufu wa gramu inaweza kungoja wiki. Ya mtungi wa uchochoroni, piga simu siku hiyo hiyo.

KEBS, Shirika la Ubora wa Bidhaa lililoanzishwa mwaka 1974, halijishughulishi na mizani ya mama mboga. Kazi yake ni kilicho ndani ya pakiti: je, bidhaa hii imetimiza kiwango? Bidhaa ya kiwandani ya hapa nchini hubeba alama ya ubora yenye namba ya kibali chini yake, nayo inayotoka nje hubeba stika ya bidhaa za nje. Namba ile unaweza kuihakiki wewe mwenyewe kwa simu: andika SM, kisha alama ya #, kisha namba ya kibali, na utume kwa 20023. Utaletewa jina la kampuni na bidhaa iliyopewa kibali hicho. Ukiletewa jina la mafuta ya kupikia na wewe umeshika pakiti ya unga, usile, na usiitupe pakiti.

Uzito wa KEBS unaonekana pale hatari inapovuka mipaka ya kaunti. Mwaka 2004 sumukuvu kwenye mahindi iliua watu 125, wengi wao wa Makueni na Kitui. Hakuna mnunuzi anayeweza kuiona sumu hiyo kwa macho, wala kuinusa, wala kuiondoa kwa kupika. Novemba 2019 KEBS ilisimamisha chapa tano za unga wa mahindi kwa kupita kiwango kinachoruhusiwa cha sumukuvu, zikaagizwa kuondolewa madukani nchi nzima. Afisa wa afya ya umma wa kaunti anaweza kuchukua sampuli, anaweza kufunga ghala au hoteli iliyo katika eneo lake, lakini hana uwezo wa kuondoa chapa ya unga Kisumu, Garissa na Kwale kwa barua moja.

Basi njia yangu ya kutofautisha ni hii. Kama kosa limetokea mikononi mwa muuzaji aliye mbele yako (amepunja, ameweka nyama juani, ameuza maziwa yaliyopitisha tarehe, jiko la hoteli lina panya), nenda kaunti. Kama kosa limeingia kabla bidhaa haijamfikia (imetengenezwa vibaya, imeghushiwa alama, imeingizwa nchini bila kukaguliwa), nenda KEBS. Maziwa yaliyoharibika kwa sababu friji ya duka ilizimwa usiku ni ya afisa wa afya. Maziwa ya pakiti zilizofungwa vizuri, ndani ya tarehe, yanayoharibika katika maduka matatu tofauti, ni ya KEBS.

Udhaifu wa kaunti siwezi kuuficha. Maafisa ni wachache, na kuna mahali gari la kuwapeleka sokoni ni la kuombwa. Tena kuna ugumu wa ndani zaidi: kaunti ile ile inayokusanya ushuru wa soko kutoka kwa wafanyabiashara ndiyo inayotakiwa kuwashtaki, na wafanyabiashara hao ni wapiga kura wa gavana na wa diwani. Utekelezaji hulegea bila mtu yeyote kutoa amri ya kulegeza.

Viazi vinaonyesha jambo hili vizuri. Kanuni za zao la viazi za mwaka 2019 ziliweka kilo 50 kuwa uzito wa juu wa gunia, kusudi mkulima asilazimishwe kujaza gunia lililorefushwa kwa kushonewa wavu juu na kulipwa bei ya gunia la kawaida. Kanuni ni ya nchi nzima, lakini wa kusimama barabarani na mizani ni wa kaunti. Kaunti moja ikikaza, dalali anavuka mpaka kwenda kwa jirani aliyelegeza, na mkulima wa kule kulikokazwa anabaki na viazi vyake vikiota ghalani. Sheria ya nchi haiwezi kuwa na nguvu kuliko kaunti yake iliyo dhaifu zaidi kwenye njia ya soko. Ndiyo maana naona ni kosa kubwa kwa bunge la kaunti kukata bajeti ya vipimo likidhani linakata kijiofisi tu cha stempu.

CAK, kwa ufupi

CAK inafanya kazi chini ya Sheria ya Ushindani ya 2010, ambayo ina sehemu inayohusu masilahi ya watumiaji: matangazo ya uongo, maelezo yanayopotosha, masharti ya kumkandamiza mteja. Kulalamika ni bure na unaweza kuandika ukiwa popote. Itumie pale unapoona kwamba yaliyokupata yanawapata wengi kwa mtindo mmoja: kampuni inayotangaza punguzo la bei ambalo halipo ukifika kaunta, duka la vifaa vya umeme linalokataa waranti ya kila mteja, huduma inayokukata ada ambayo haikutajwa ulipojiunga. Mara nyingine muuzaji hurudisha pesa akiona malalamiko yamefika mezani, lakini usiiendee CAK ukitegemea hivyo. Inatazama soko, na uchunguzi wake huchukua muda. Kwa hasara ya mtu mmoja kutoka duka moja, mahakama ina haraka zaidi.

Mahakama ya Madai Madogo: hapa ndipo pesa zinaporudi

Sheria ya Mahakama ya Madai Madogo ilipitishwa mwaka 2016, na mahakama ya kwanza ikaanza kazi Milimani, Nairobi, Aprili 2021. Mwanzoni kikomo cha dai katika sheria hiyo kilikuwa shilingi 200,000. Kikapandishwa mwaka 2020 hadi shilingi milioni moja, na badiliko hilo moja ndilo lililoifanya iwe na maana kwa mnunuzi wa kawaida. Friji, simu, sofa za kuagiza, injini ya pikipiki, kazi ya fundi wa nyumba, harusi ambayo mpishi hakutokea: karibu yote yanaingia chini ya milioni moja.

Inatofautiana na mahakama za kawaida kwa mambo kadhaa ambayo kwa mtu asiye na wakili ni makubwa. Unaweza kujiwakilisha mwenyewe. Mwamuzi hafungwi na kanuni kali za ushahidi, kwa hiyo picha za simu, ujumbe wa WhatsApp na meseji ya M-Pesa vinasikilizwa. Kesi inatakiwa kusikilizwa mfululizo na kumalizika ndani ya siku 60 tangu kufunguliwa, na hukumu kutolewa ndani ya siku tatu baada ya kusikilizwa. Si kila kituo kinatimiza siku 60, hasa penye kesi nyingi, lakini hata kikichelewa, ukikilinganisha na kesi ya madai ya kawaida bado umeokoa miezi mingi. Rufaa inakwenda Mahakama Kuu kwa hoja za sheria peke yake, kwa hiyo muuzaji hawezi kukuzungusha huko kwa kubishana upya kama friji iligandisha au haikugandisha.

Haishughulikii kila kitu. Migogoro ya umiliki wa ardhi, ya kazi na ajira, na ya kuchafuliwa jina haipokewi hapo. Na haijafika kila mji. Palipokosekana, unafungua kwa hakimu wa kawaida, ambako mambo ni ya polepole zaidi.

Kuna gharama za aina mbili. Ya kwanza ni ada ya kufungua kesi na kumfikishia mdaiwa nakala. Ya pili watu huisahau: kushinda na kulipwa ni hatua mbili. Muuzaji mwenye duka, bidhaa na jina la kulinda kwa kawaida hulipa akiona hukumu. Aliyehama, au aliyekuwa akiuza kupitia simu tu, atakulazimu umtafute, na pengine kumtumia dalali wa mahakama kukamata mali, jambo ambalo lina gharama yake. Kwa hiyo kabla ya kufungua kesi jiulize kama mtu huyu ana mali inayoonekana. Kwa deni la shilingi 900, jibu langu ni usifungue. Mpeleke kaunti kama kosa ni la kipimo, na uhame duka. Kwa shilingi 20,000 na zaidi, dhidi ya muuzaji mwenye mahali pa biashara, fungua.

Tena hakikisha unamshtaki mtu sahihi. Jina lililo kwenye bango la duka si lazima liwe jina la mwenye biashara. Tazama risiti, tazama jina lililotokea M-Pesa ilipothibitisha malipo, na tazama kibali cha biashara cha kaunti kilichotundikwa ukutani. Kipige picha siku ile ile unayonunua kitu cha bei, wakati bado mnacheka pamoja. Siku mkigombana hakitakuwa rahisi kukiona.

Kabla ya mlango wowote, barua

Popote utakapokwenda utaulizwa kama ulimpa muuzaji nafasi ya kurekebisha. Barua fupi inatosha, au hata ujumbe wa WhatsApp ulioandikwa kwa utulivu. Usitukane, usitishie kumchafua mtandaoni. Iwe hivi:

«Tarehe 3 Machi nilinunua kwenu friji kwa shilingi 42,000, nikalipa kwa M-Pesa (nambari ya muamala imeambatishwa). Tarehe 19 Machi iliacha kugandisha. Fundi wenu aliikagua tarehe 22 na bado haifanyi kazi. Naomba mnirudishie pesa zangu au mnipe friji nzima ndani ya siku 14 kuanzia leo. Zikipita, nitafungua kesi katika Mahakama ya Madai Madogo.»

Atakujibu kwamba risiti imeandikwa «bidhaa zikiuzwa hazirudishwi». Maneno hayo hayamlindi kwa bidhaa mbovu. Sheria ya Kulinda Watumiaji inachukulia kwamba kila muuzaji amemhakikishia mteja ubora unaofaa, na sharti lolote la mkataba linalojaribu kuifuta dhamana hiyo halina nguvu. Maneno yale yana nafasi yake kama umebadili nia tu, umefika nyumbani ukaona rangi haikupendezi. Ukinunua dukani kwa macho yako, hilo si kosa la muuzaji.

Sheria hiyo hiyo ina kifungu ambacho kila mwenye gari na kila anayejenga angepaswa kukijua. Kama fundi alikupa makadirio ndani ya makubaliano yenu, haruhusiwi kukudai zaidi ya asilimia 10 juu ya makadirio hayo, isipokuwa mmekubaliana upya. Alikwambia shilingi 30,000, akikuletea bili ya 47,000 kwa sababu «vitu vimepanda», mwisho wake ni 33,000. Ndiyo maana makadirio yawe ya maandishi, hata kama ni meseji ya mstari mmoja.

Hali nne, na ningekwenda wapi

Pampu ya petroli. EPRA hutangaza bei za juu kabisa zinazoruhusiwa kila tarehe 14 ya mwezi, zikaanza kutumika tarehe 15. Ukiuziwa juu ya bei ya mji wako, ni EPRA, na picha ya bango la kituo pamoja na risiti inakutosha. Ukilipia lita 20 na mshale wa tangi haujasogea kama kawaida, ni afisa wa vipimo, kwa kuwa yeye ndiye mwenye chombo cha kupimia kile kinachotoka kwenye bomba. Gari likianza kukohoa baada ya kujaza, ni EPRA tena, na uhifadhi risiti ya fundi: kama injini imeharibika, hiyo ndiyo hesabu yako mahakamani.

Friji ya shilingi 42,000. Barua, kisha mahakama. Sioni haja ya kupita KEBS isipokuwa inatoa cheche au inapiga watu umeme. Ikiwa hivyo, KEBS iarifiwe pia, maana friji za aina hiyo ziko jikoni kwa wengine.

Unga, dawa ya mbu, mafuta ya watoto, kitu chochote kinacholiwa au kupakwa mwilini. Hapa pesa ni jambo la mwisho. Funga pakiti kama ilivyo, iweke mbali na watoto, andika ulinunua wapi na lini, piga picha ya namba ya kundi la uzalishaji na tarehe. Mpigie afisa wa afya ya umma wa kaunti ndogo yako kwanza, kwa sababu anaweza kufika duka lile leo, kisha KEBS. Kama kuna mtu ameumwa, hospitali kwanza, na cheti cha daktari kihifadhiwe pamoja na pakiti.

Muuzaji wa mtandaoni aliyepokea pesa akazima simu. Hili ndilo gumu kuliko yote. Kama hakukuwahi kuwa na bidhaa, nia ilikuwa wizi, na Kifungu cha 313 cha Kanuni ya Adhabu kinahusu kujipatia mali kwa udanganyifu. Hapo polisi ndio mahali pake: nenda na meseji ya M-Pesa na picha za mazungumzo, upewe nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi. Kama bidhaa ilikuja lakini si ile uliyoonyeshwa, na muuzaji bado anajibu simu, mambo ni ya madai: barua, kisha Mahakama ya Madai Madogo. Polisi si wakusanyaji madeni, na ukiwaendea kwa kesi ya viatu vya namba isiyo yako utapoteza siku bure.

Katika hali hizi nne kaunti imetokea mara mbili, na katika zote mbili ni kwa sababu mtu anaweza kufika mahali penyewe kabla ushahidi haujaondolewa. Mizani mbovu ya leo, kesho inaweza kuwa imerekebishwa. Nyama iliyooza haitangoja barua ya kutoka Nairobi. Makao makuu ya shirika lolote la kitaifa hayawezi kushindana na afisa aliye umbali wa matatu moja.

Kaunti ikinyamaza

Lalamika kwa maandishi, uandike tarehe, na ubaki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa. Ofisi ya msimamizi wa wadi inaweza kukuelekeza alipo afisa wa vipimo. Ikiwa wiki zinapita bila jibu, peleka nakala ile kwa Tume ya Haki za Utawala, ambayo kazi yake ni kushughulikia malalamiko dhidi ya ofisi za umma zinazokaa juu ya kazi. Haitozi ada.

Lakini kuna chombo kingine ambacho wakazi wanaweza kukitumia hata kabla mtu yeyote hajapunjwa, na nashangaa kwamba hakitumiwi. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inamruhusu raia kuiuliza ofisi ya umma, kaunti ikiwemo, na ofisi inatakiwa kutoa uamuzi ndani ya siku 21. Chama cha wakulima, kikundi cha akina mama wa soko, kamati ya wapangaji, yeyote anaweza kuandika kwa katibu wa kaunti maswali matatu: ni mizani mingapi katika soko letu imepigwa muhuri mwaka huu? Ni lini afisa wa vipimo alilikagua mara ya mwisho? Ni wafanyabiashara wangapi walishtakiwa, na kesi zimefika wapi? Afisa mchapakazi atafurahi kuulizwa, kwa kuwa majibu hayo ndiyo atakayoyabeba akienda kuomba bajeti ya gari na ya mawe mapya ya kupimia. Pale ambapo hakuna aliyekagua, barua itakuwa mezani kwa katibu, na siku zake 21 zitakuwa zimeanza kuhesabiwa.